Kabla hujamshika mtoto wa watu mbele ya kamera

Mama anayekaribia kujifungua hunitumia picha WhatsApp, ameitoa mtandaoni: kichanga amelala fofofo, viwiko chini, kidevu kimeegemea viganja vyake mwenyewe. Chini ameandika, "Nataka hii." Namjibu kuwa tunaweza, ila yule mtoto hakuwahi kukaa hivyo hata sekunde moja. Hizo ni picha mbili. Katika ya kwanza mtu ameshika kichwa kwa juu, katika ya pili ameshika mikono na viwiko kwa chini, halafu mpiga picha akaziunganisha kwenye kompyuta na kufuta vidole vya msaidizi. Shingo ya mtoto wa wiki moja haiwezi kubeba kichwa chake. Ukimwegesha hivyo na ukaondoa mkono, anaanguka kifudifudi.

Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo inayowaponza vijana wengi wanaoingia kazi hii hapa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Umechoka na harusi na mahafali, umesikia kwamba picha za vichanga zinalipa, umenunua lenzi ya milimita 50 na shali mbili za sufi, unaona pozi mtandaoni na kuliiga. Hakuna atakayekuuliza umejifunza wapi kushika mtoto. Mtoto aliyening'inizwa kwenye bembea ya kitambaa ni picha ya kuunganisha pia. Kwa kawaida alikuwa amelala sakafuni juu ya godoro na tawi likaongezwa baadaye. Kama hujui kuunganisha, mwambie mteja hilo pozi hulifanyi. Nimelisema mara nyingi na bado nina kazi.

Mikono ndiyo kazi yenyewe. Mtoto mchanga ana mshtuko wa kuzaliwa nao: akihisi kichwa kimeshuka ghafla anatupa mikono pembeni, anafungua vidole, analia, na usingizi umeisha. Kwa hiyo ninapomlaza namkaribisha kifuani kwangu kwanza, nainama pamoja naye hadi mwili wangu unakaribia godoro, miguu inagusa kwanza, halafu makalio, halafu mgongo, kichwa mwisho. Mkono uliokuwa chini ya kichwa nauacha hapo kwa muda, kisha nauchomoa kidole kwa kidole. Mkono wa pili unabaki kifuani mwake, umetulia, bila kupapasa, maana kupapasa kunamwamsha. Ukifanya haraka utarudia yote upya. Jifunze hili kwa watoto wa dada na shangazi zako, mama zao wakiwa wamekaa hapo, kabla ya kuchukua hela ya mtu.

Halafu angalia rangi ya vidole. Ukimviringa mtoto kwa shali au ukamkunja miguu, nyayo zikianza kuwa zambarau maana yake damu haipiti vizuri. Fungua, mnyooshe, acha irudi. Miguu isifungwe ikiwa imenyooka na kubanana. Nyonga za kichanga zinataka kukunjika na kupanuka, vile anavyokaa akibebwa mgongoni kwa leso. Na kabla ya kukaza kitambaa upande wa kushoto, kumbuka chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, huku kwetu hudungwa mkono huo. Pakivimba au pakitoa kipele usipabane wala usipasugue.

Ni vizuri kuwapiga picha wakiwa kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, kwa kuwa bado wanalala sana na wanakubali kujikunja walivyokuwa tumboni. Lakini hapo ndipo wenzangu wengi hujisahau. Sisi tunapenda mtoto anayelala, tunamsifu kwa mama yake: "Huyu ni mtulivu, hasumbui." Mtoto aliyelala mno, asiyeamka hata kunyonya, ambaye mikono imelegea kama kitambaa, si mtulivu. Hiyo ni dalili ya hatari, na kamera inafungwa hapo hapo.

Vivyo hivyo na umanjano. Unaona ngozi imekuwa ya manjano kwenye skrini, unadhani ni taa ya chumba, unaanza kurekebisha rangi. Kabla ya kurekebisha chochote msogeze mtoto karibu na dirisha, angalia weupe wa macho na ufizi. Kwa watoto wetu ngozi huficha umanjano, macho hayafichi. Watoto wengi hupata umanjano kidogo siku ya pili au ya tatu na unaisha wenyewe, ila si kazi yangu kupima. Namwambia mama kwa sauti ya kawaida, "Mama Baraka, hebu mpitie kliniki leo wamwangalie macho." Kama viganja na nyayo pia ni za manjano, au mtoto hanyonyi, hakuna cha kusubiri kesho. Picha tutapiga wiki ijayo, na malipo aliyotanguliza kwa M-Pesa yanabaki yalivyo.

Usafi nitausema kwa kifupi kwa kuwa haupaswi kuwa na mjadala. Toa pete na saa, kata kucha, nawa hadi kwenye viwiko mbele ya wazazi, usijipulizie manukato. Shali na leso zifuliwe baada ya kila mtoto, kwa sabuni isiyo na harufu kali. Ukikohoa, ahirisha. Chanjo ya kifaduro mtoto wa Kenya anaanza kuipata akiwa na wiki sita, kwa hiyo yule uliyemshika hana kinga hiyo bado. Na kama una vidonda vya homa mdomoni, usimkaribie. Virusi vyake vinaweza kumuua kichanga. Hakuna kumbusu mtoto wa mteja hata kama mdomo ni mzima.

Sasa joto, ambalo kila mji una kesi yake. Mtoto aliyevuliwa nguo anahitaji chumba cha nyuzi 26 hadi 28 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari, saa sita mchana umeshafika huko bila kuwasha kitu, na hatari inageuka: ukimfunika manyoya bandia kwa ajili ya urembo, anapata joto kupita kiasi. Shingo ikiloa jasho au akihema haraka haraka, mfunue. Feni isielekezwe kwake. Na usikubali dawa ya mbu ya kuwasha ifuke chumbani; mbu ni wengi huku ziwani, ndiyo, lakini neti inatosha.

Nakuru iko kwenye mita 1,850 na baridi ya Julai haina mchezo. Niliitwa nyumba moja upande wa Milimani, mama katoka hospitali, na shosho wa mtoto akawa ameshaandaa chumba kwa upendo wote: madirisha yamefungwa, pazia zimevutwa, jiko la makaa katikati limekolea.

"Shosho, asante kwa kutuandalia. Naomba jiko litoke nje kabla mtoto hajaingia."

"Litoke? Unataka mjukuu wangu agande?"

Hapo usibishane na mtu mzima kwa sayansi. Nilimweleza kwamba makaa yakiwa ndani na dirisha limefungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wazima wakiwa usingizini, sembuse kichanga. Hewa hiyo ni kaboni monoksidi, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizokutwa asubuhi. Alinitazama kidogo. Nikamwomba anisaidie kitu kingine: avue sweta, amlaze mtoto kifuani, nami niwafunike wote wawili blanketi. Jiko likatoka, dirisha likafunguliwa kidogo, hita ya stima ikawekwa mbali, ikielekezwa ukutani. Wakunga huwalaza watoto njiti vifuani kwa sababu hiyo hiyo, mwili wa mtu ni hita nzuri. Picha iliyotundikwa sebuleni kwao leo ni ile ya shosho.

Watu wananiuliza kwa nini nazunguka na mabegi kwenye tuktuk badala ya kufungua studio. Kwanza, mama mwenye mshono wa upasuaji hana sababu ya kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Pili, familia nyingi huku hazimtoi mtoto nje mapema. Wapo Waislamu wanaongoja arobaini, zipo nyumba za Waluo na Waluhya ambako nyanya ndiye anayeamua lini mtoto aonekane na nani, na wapo wanaoogopa jicho baya. Sina haja ya kuwabishia. Ukifika, salimia dani au kukhu (nyanya, kwa Kiluo na Kiluhya) kwanza, kaa chini, kunywa chai, eleza utafanya nini na mtoto, halafu ndipo ufungue begi. Akikubali yeye umemaliza nusu ya kazi, na mara nyingi ndiye msaidizi bora: anakaa ukingoni mwa godoro, mkono wake haupiti sentimita chache kutoka kwa mtoto, macho hayatoki. Mtu wa namna hiyo lazima awepo kila wakati, kwa sababu wewe ukishaweka jicho kwenye kamera humwoni tena mtoto, unaona fremu.

Ukipiga kutoka juu, mkanda wa kamera uwe shingoni. Bila mkanda usipige. Kikapu kikae sakafuni, si mezani, na kiwe na kitu kizito chini upande wa miguu ili kisipinduke. Uteo mpana uliotandikwa leso nene ni salama kuliko beseni zuri la mbao lenye vibanzi. Shanga na vitu vya kioo siviweki karibu naye kabisa. Akishanyonya, acha acheue, subiri kidogo kabla ya kumlaza kwa tumbo, na hata hapo ni kwa ajili ya picha tu huku mkono ukiwa juu yake. Akibaki kulala, anageuzwa chali. Jifunze pia huduma ya kwanza ya mtoto aliyepaliwa: mapigo matano mgongoni kati ya mabega, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, kisha kubonyeza kifua mara tano, bila kutia vidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha; fanya kozi yenyewe kwa mikono yako, kusoma hapa hakutoshi.

Mwanga, kwa kweli, ndiyo sehemu rahisi. Zima taa, tafuta dirisha au mlango, mlaze mtoto ili mwanga umwangukie kutoka utosini kushuka kidevuni. Ukitokea miguuni utamulika matundu ya pua na sura itatisha. Angalia ukuta: nyumba nyingi zimepakwa kijani au zina pazia jekundu, na rangi hiyo itakaa shavuni kwa mtoto, basi tundika shuka jeupe upande wa pili. Fleshi haiharibu macho ya mtoto, huo ni uvumi, ila mimi napenda dirisha. Kwa kelele ya kumbembeleza sinunui mashine. Nina rekodi ya mvua juu ya mabati kwenye simu, na hiyo watoto wa huku wanaielewa.

Kwenye kuhariri nina msimamo ambao umenikosesha wateja. Naondoa ukurutu na chunusi ndogo, kwa kuwa zitaondoka zenyewe. Alama za bluu mgongoni na makalioni, ambazo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nazo, naziacha, na mzazi akiniuliza kama ni michubuko namtuliza kwamba siyo. Lakini "mfanye mweupe kidogo" sifanyi. Vichanga wetu huzaliwa na rangi iliyo angavu kuliko watakayokuwa nayo, na masikio tayari yanaonyesha wanakoelekea. Mpe mzazi mtoto wake.

Mtoto mwenye kaka au dada wa miaka miwili, wote wawili wakae kwenye godoro, mzazi ameshika mgongo wa mkubwa, kichanga kwenye mto mapajani. Mkubwa asisimame naye hata kwa picha moja. Na familia zinazotaka picha za ziwani: jua la Kisumu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, linashuka wima, ule mwanga wa dhahabu haukusubiri. Fika saa kumi na moja. Kule Dunga na Hippo Point waulize wavuvi viboko wako upande gani, kwa sababu jioni hutoka majini kula, na mtoto wa miaka minne hukimbilia maji kabla hujageuka.

La mwisho ni ruhusa ya kutangaza picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mimi nina karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye sehemu mbili za kutia saini: moja ya kazi yenyewe, nyingine ya kuweka picha kwenye kurasa zangu. Naitoa siku ya miadi, kabla ya mtoto kulala, nikieleza kuwa sahihi ya pili ni hiari. Wengi husaini. Wasiosaini wanapata picha zao zote, kwa bei ile ile.