Maswali na Majibu: Babu Alikuwa Mtu wa Reli

SWALI: Babu mzaa mama alifanya kazi ya reli Ohio, Marekani, tangu miaka ya 1910 hadi alipostaafu miaka ya 1940. Kampuni hatuijui, sensa inasema "reli" tu. Nianzie wapi?

JIBU: Tafuta kwanza jina la kampuni, maana reli za Marekani zilikuwa za kampuni nyingi na kila moja ilikuwa na madaftari yake. Kadi za uandikishaji jeshini za 1917 na 1918 zina nafasi ya jina la mwajiri, na hata wasiokwenda vitani waliandikishwa. Kwenye sensa, kuwa mwangalifu: mtia makaa wa garimoshi huandikwa kwa neno lile lile la Kiingereza la mzimamoto, "fireman". Ukiona hivyo, soma safu ya pili, ya aina ya shughuli, iliyoanza sensa ya 1910.

Kisha tafuta cheti cha kifo na namba ya hifadhi ya jamii. Namba zinazoanza na 700 hadi 728 walipewa watu wa reli, mpaka 1963. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa faili la pensheni. Bodi ya Pensheni za Reli ilianza kutunza kumbukumbu za utumishi mwaka 1937, kwa hiyo babu yako yumo katika kipindi chake. Aliyeacha kazi kabla ya hapo usimtafute huko. Mafaili ya zamani yamehamishiwa Nyaraka za Taifa, tawi la Atlanta. Kama namba haipo, peleka jina kamili na tarehe za kuzaliwa na kufa.

Wengi hukwama kwa kuandikia kampuni iliyopo leo. Kwa mfano, kampuni za reli za Pennsylvania na New York Central ziliungana 1968, zikafilisika 1970, na 1976 njia zao nyingi zikaingia kampuni mpya, Conrail. Karatasi zilitawanyika njiani: za kampuni ya Pennsylvania ziko sehemu kadhaa, zikiwemo maktaba ya Hagley huko Delaware na nyaraka za jimbo la Pennsylvania, Harrisburg. Chora kwanza mlolongo wa miungano hiyo, ndipo uandike barua.

SWALI: Je, kama babu alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala?

JIBU: Huyo kwa kawaida mwajiri wake alikuwa Pullman, kampuni ya mabehewa hayo, siyo kampuni ya njia aliyosafiri. Kumbukumbu za wafanyakazi wa Pullman ziko maktaba ya Newberry, Chicago.