Karatasi za shule kabla ya likizo ya baridi: Kiingereza si tatizo, tatizo ni tarehe

Dada uliyeuliza jana ufanye nini na karatasi za Kiingereza ulizozikuta kwenye begi la mtoto, karibu Kentucky, hapa Marekani, na pole kwa baridi. Umesema mmefika Septemba, una mmoja yuko kinda, yaani ile chekechea ya huku ambayo iko ndani ya shule ya msingi, na una mwingine wa miaka minne unayetaka aanze mwakani. Ijumaa mtoto karudi na karatasi saba, shule inafunga wiki ijayo, keswoka, yule mfanyakazi wa shirika anayewasaidia wageni, hashiki simu. Walionitangulia kukujibu karibu wote wamekwambia upige picha, simu itatafsiri. Sawa, lakini mimi simu ilinitafsiria neno kwa neno na bado mwanangu alikaribia kupoteza mwaka mzima. Nina watoto wanne, nimeandikisha watatu katika jimbo hili, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza zimwage zote mezani. Usianze kusoma. Tafuta vitu viwili tu: mstari wa sahihi, na tarehe yenye neno linalomaanisha "kabla ya". Karatasi yenye kimojawapo iweke kulia, zilizobaki kushoto. Utashangaa, za kulia hazizidi mbili au tatu. Za kushoto ni zile habari za Desemba: siku ya kwenda shule na nguo za kulalia (usiogope, ni mchezo wao, mtoto asipovaa haadhibiwi), siku ya nyimbo za ukumbini, maonyesho ya vitabu vya kuuza, na tangazo la meza ya vitu vilivyopotea.

Hiyo meza ya vitu vilivyopotea usiidharau. Kabla ya likizo shule nyingi huikusanya na kugawa kilichobaki. Mwaka wetu wa kwanza mwanangu alirudi na koti la mtu, dogo, mikono inaishia kwenye kiwiko, akasisitiza ni la kwake. Nilipokwenda shuleni nilikuta meza ndefu pale karibu na mlango, makoti kama duka la mitumba, na la kwetu liko chini kabisa, lile la buluu tulilopewa kanisani. Siku hizi naandika majina ndani ya kola kwa kalamu ya wino mzito, hata glavu.

Sasa za kulia. Kwa mtoto wako wa kinda, nina hakika moja ni ya macho na nyingine ya meno. Hapa Kentucky mtoto anayeingia shule kwa mara ya kwanza akiwa mdogo anatakiwa awe amepimwa macho na daktari wa macho, na meno yaangaliwe, na ushahidi ufike shuleni kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka huo wa kwanza wa masomo. Ndiyo maana wanakukumbusha sasa. Tarehe yenyewe inaangukia katikati ya likizo, ofisi imefungwa, kwa hiyo kwa hesabu ya kweli una siku hizi chache tu. Na nesi wa shule kumsimamisha mtoto mbele ya ubao wa herufi haihesabiki kuwa ndicho kipimo hicho. Ni mtaalamu wa macho mwenyewe, na anajaza fomu yake.

Niliona ni usumbufu wa bure. Mtoto mzima, anaona ndege angani, macho ya nini? Nilimpeleka kwa kuogopa barua ya tatu tu. Daktari akamweka vioo, akabadilisha, akabadilisha tena, kisha mwanangu akasema kwa Kiswahili, hakukuwa na haja ya mkalimani: "Mama, kumbe ule mti una majani moja moja!" Miezi minne mwalimu alikuwa anatuandikia kwamba mtoto hafuati maelekezo kwa sababu ya lugha. Kumbe haoni ubao. Kama huna miadi, piga simu leo hii, na ukikosa nafasi ya Desemba chukua ya Januari halafu mwambie karani wa shule tarehe ya miadi. Mimi meno tuliyachelewesha hivyo na hakuna aliyetufukuza, ila walijua tuko njiani.

Tuje kwa mdogo, wa kuandikishwa mwakani. Umri wa kinda hapa ni miaka mitano kamili ifikapo tarehe 1 Agosti. Majimbo mengine wana tarehe yao, Texas ni 1 Septemba, kwa hiyo dada yako wa Houston akikwambia tofauti hakudanganyi. Akitimiza tarehe 2 Agosti, ni mwaka unaofuata, labda uombe wilaya ya shule imtathmini ili aingie mapema. Na hapo ndipo niliumia.

Mwanangu wa tatu kazaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tarehe 8 Aprili 2018. Kwenye tangazo la kizazi wameandika kama tunavyoandika wote: 08/04/2018. Nikajaza fomu ya mtandaoni vilevile, nakili moja kwa moja, ili nisikosee! Huku mwezi ndio unaotangulia. Wakasoma Agosti 4. Kwa hiyo mwaka 2023 ilipofika tarehe 1 Agosti, kwenye karatasi zao mtoto alikuwa amebakiza siku tatu kutimiza mitano. Nikapokea barua ya heshima kabisa kwamba tumngoje hadi 2024. Na mimi nikakubali. Sheria ni sheria, nikasema, siku tatu ni siku tatu, nikaanza kutafuta mama wa kumwachia mtoto nikiwa zamu ya usiku. Sikujiuliza hata mara moja hiyo Agosti imetoka wapi. Simu ilinitafsiria barua vizuri sana, "mtoto wako hajafikia umri", lakini simu haikujua kwamba mtoto ameshafikia.

Aliyetuokoa ni nesi wa kliniki. Nilipeleka mtoto chanjo, akashika karatasi ya shule mkono mmoja na hati za safari mkono mwingine, zile mwezi umeandikwa kwa neno, akaniuliza kupitia mkalimani wa simu, "Mama, huyu ana siku mbili za kuzaliwa?" Tulirudi shuleni siku ileile. Karani alibofya mara tatu, basi, ikaisha. Dakika moja. Sasa naandika APRIL kwa herufi kubwa kila mahali, hata pale wanapotaka namba nasogeza kalamu pembeni naandika. Fanya hivyo.

Na ndugu zangu wa kambini mnajua habari ya Januari mosi. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa hiyo kwenye hati, basi nyumba nzima mmezaliwa tarehe 1 Januari, baba, mama na watoto. Shule wataandika kilichomo kwenye hati, si unachokumbuka wewe. Usianze kuwaeleza kwa mdomo kwamba kwa kweli mtoto ni wa mwezi wa kumi, utawachanganya na utajichanganya. Kurekebisha hati ni kazi nyingine, ya mwanasheria.

Wengine watakuuliza kwa nini ujisumbue na uandikishaji Desemba wakati shule inaanza Agosti. Sababu yangu ni chanjo. Kadi ya kambini haitupwi, ina thamani, lakini shule ya hapa inataka cheti cha chanjo cha Kentucky, na kliniki ndiyo inayohamisha za kwenye kadi kwenda kwenye cheti, kisha inajaza pengo. Pengo lipo karibu kila mara. Kadi ya mwanangu ilikuwa na surua na rubela, haikuwa na matumbwitumbwi, haikuwa na tetekuwanga, wala ile ya homa ya ini aina ya A. Sasa piga hesabu: tetekuwanga ni dozi mbili, kwa mtoto mdogo kati yake wanaacha miezi mitatu. Homa ya ini A ni dozi mbili, kati yake miezi sita. Ukianza Desemba unamaliza Juni, unapumua. Ukianza Machi, dozi ya pili ni Septemba na darasa limeshaanza, utaishi kwa cheti cha muda na barua za kukumbushwa. Usikubali pia mtu arudie chanjo zote kwa kuwa tu kadi imechakaa. Onyesha kadi, waambie wasome.

Karatasi nyingine watakazotaka ni hati ya umri, kipimo cha afya cha ndani ya mwaka mmoja, na ushahidi wa makazi, yaani mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako. Kama mkataba una jina la shemeji yako, shule nyingi zina fomu ambayo mwenye nyumba anaapa kwamba mnaishi naye, mara nyingi mbele ya notari, yaani mtu mwenye kibali cha kushuhudia sahihi. Kama mmejibanza kwa ndugu kwa sababu hamna pa kwenda, sema hivyohivyo bila aibu. Kuna sheria ya McKinney-Vento, ya mwaka 1987, inayotaka mtoto wa hali hiyo apokelewe mara moja, karatasi zifuate baadaye. Sisi tulikaa sebuleni kwa mjomba wangu wiki saba na hakuna aliyetuambia. Namba ya soshol (Social Security) ukiona nafasi yake kwenye fomu, si lazima uijaze, na mtoto hanyimwi shule ya umma kwa ajili ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hilo mwaka 1982, kesi ya Plyler v. Doe. Nataja jina la kesi kwa sababu siku hizi watu wana hofu, na karani mwenye haraka anaweza kukuomba vitu asivyopaswa.

Kuna karatasi moja fupi yenye maswali ya lugha: mtoto alianza kusema lugha gani, nyumbani mnasema nini. Humu ndani nimeona mtu anashauri uandike Kiingereza ili mtoto asitengwe. Kwa heshima zote, hapana. Andika Kiswahili, na kama nyumbani ni Kibembe andika Kibembe. Jibu hilo ndilo linalomfungulia mtoto mtihani wa kupima Kiingereza na mwalimu wa kumsaidia. Na huyo wako wa kinda, kama tayari yuko kwenye msaada huo, moja ya karatasi zako saba inaweza kuwa inakutaarifu kuhusu mtihani wa kila mwaka wa Kiingereza, ambao hapa Kentucky hufanywa baada ya likizo, Januari na kuendelea. Asilale saa sita usiku wiki ile.

Kuhusu safari. Najua Krismasi watu wanajaza gari kwenda Iowa au Michigan kwa shangazi, na wengine wanaondoka siku nne kabla likizo haijaanza. Kentucky hawana mchezo na hilo. Siku tatu bila sababu inayokubalika, mtoto anahesabiwa mtoro kisheria. Kuchelewa mara tatu nako ni vilevile. Sherehe ya harusi si sababu, nilijaribu. Kama lazima, mwandikie mwalimu kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, na mngoje jibu.

Halafu theluji. Mnarudi Januari mkidhani shule imefunguliwa, saa kumi na moja alfajiri simu inalia na sauti ya kurekodiwa. Inaweza kuwa wanachelewa kuanza kwa muda wa saa mbili, inaweza kuwa wamefunga, inaweza kuwa watoto wanasomea nyumbani kwa kompyuta au kwa karatasi. Wilaya zinaruhusiwa siku kama 10 za namna hiyo kwa mwaka, na kazi za siku hizo zinahesabiwa mahudhurio, kwa hiyo zifanyike. Hakikisha ofisi ina namba yako ya sasa. Kama ni ile aliyokupa keswoka mlipofika tu, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine, na mwanao utamkuta kituoni peke yake kwenye baridi, basi haliji.

Mwisho, kesho asubuhi ukienda, usiende ofisini na kuanza kupambana na Kiingereza. Sema neno moja, "Swahili", halafu kaa. Mkalimani ni haki yako na hulipi, watampigia kwenye simu. Mtoto mkubwa asitumike kutafsiri. Wangu alinitafsiria kikao cha mwalimu na sehemu zote zinazomhusu yeye zikageuka sifa. Kisha uliza chumba cha huduma za familia, shule nyingi za hapa zinacho, tangu mageuzi ya elimu ya Kentucky ya mwaka 1990. Huko wana makoti, na kwa likizo hufunga mifuko ya chakula, lakini majina huandikwa mapema na wiki hii huenda ndiyo ya mwisho.

Zile za kulia ukizipiga picha uziweke hapa, funika kwanza jina la mtoto na anwani. Mimi natoka kazini saa moja asubuhi, nikioga nitazisoma.