Mpaka wangu unapinda kama nyoka, na vituo vyangu vimeangukia ziwani

SWALI: Hujambo mwalimu? Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3. Tumepewa wiki 3 kuchora ramani ya miamba ya kale ya volkeno ufuoni mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upande wa Asembo. Mawe meusi nimeyaandika basalti, ya kijivu andesaiti, meupe na ya pinki riolaiti. Sasa mpaka kati ya basalti na riolaiti unapinda kama nyoka, na vituo kadhaa vya GPS nikivitia kwenye ramani vinaangukia majini. Kuna jamaa mjini Kisumu anayesema atanisawazishia kila kitu kwa picha za setilaiti kwa shilingi 8,000. Nifanyeje?

JIBU: Sijambo, kijana. Nianze na vituo, maana hilo ni jepesi. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960. GPS yako, kama hukuigusa tangu uazimwe, inasoma kwa mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo huku kwetu ni kama mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Ukichukua namba za WGS84 ukazitia kwenye karatasi ya Arc 1960, kituo kinateleza kusini milimita 6 hivi. Wewe uko ufuo wa kaskazini wa ghuba, na kusini kwako ni maji. Wenzako walio upande wa Kendu Bay wana kosa hilohilo, ila vyao vinasogea nchi kavu kwa hiyo hawajashtuka. Badilisha mipangilio ya kifaa, geuza namba ulizokwisha andika, na juu ya kila ukurasa wa daftari taja mfumo uliotumia. Kumbuka pia kwamba ziwa lilipanda sana mwaka 2020, kwa hiyo usitarajie ufuo wa kwenye karatasi uwe ndio huu unaoukanyaga.

Sasa tuje kwa rangi. Sijui ni nani anayewafundisha jambo hili, lakini kila msimu wa fildi huniletea madaftari yaliyoandikwa "jeusi", "jeupe", "pinki", kana kwamba tunachagua kitenge. Miamba ya Kinyanza, ndilo jina la hiyo miamba ya kale unayoikanyaga, ina umri wa takriban miaka milioni 2,700. Imekunjwa, imepikwa, madini yake ya mwanzo mengi yamegeuka kloraiti na epidoti, ambayo yote mawili ni ya kijani. Ndiyo maana basalti ya huko mara nyingi si nyeusi hata kidogo ukiipasua. Nayo riolaiti yenye chembe ndogo sana inaweza kuwa ya kijivu kizito kiasi cha kumdanganya hata mtu mzima. Unachokiona kwa nje ni ganda: kutu ya chuma, kuvu, mwani pale mawimbi yanapofika. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuchora ukanda mzuri wa riolaiti kwenye rasi nzima. Nikaenda naye kuuona. Ilikuwa kinyesi cha minandi, wale ndege weusi wanaokaa hapo kuanika mabawa.

Pasua jiwe. Sisemi uligonge likatoe vumbi. Tafuta ukingo, vaa miwani, piga mpaka upate uso mbichi wenye upana wa kiganja. Ganda la hudhurungi utaliona pembeni, pengine nusu sentimita, pengine zaidi, na ndani yake ndiko kwenye mwamba wenyewe. Lilowanishe kwa maji kidogo, leta lenzi ya mara 10 karibu kabisa na jicho, kisha inua jiwe lije kwenye lenzi, usiinamie jiwe. Ukiona vijicho vinavyong'aa kama punje za sukari, na ncha ya kisu haivikwaruzi, hiyo ni kwatsi, na hapo neno riolaiti lina haki ya kuandikwa. Ukiona vibapa vyeupe vya feldispa kwenye tope la kijani-kijivu, bila kwatsi, fikiria andesaiti. Basalti mara nyingi ina vitundu vya hewa vya zamani vilivyojaa madini, na ukibahatika utakuta lava yenye umbo la mito ya kulalia iliyorundikwa, dalili kwamba ilimwagikia majini. Hiyo mito ni mali: mgongo wake wa duara hutazama juu na mkia hutumbukia kati ya mito ya chini, kwa hiyo inakwambia kama tabaka zimepinduliwa.

Huo mpaka wako wa nyoka nadhani ninaujua. Umefuata mawe yaliyolala ufuoni, si mwamba. Mawe ya ufuoni yana miguu. Mawimbi huyasogeza, wavuvi huyabeba kuzuia mashua na kutandaza nyavu za omena, watu huyapanga kukinga mashamba yao. Kabla ya kuandika kituo, tazama kama nyufa na mistari ya jiwe inaendelea kwenye jiwe la pili na la tatu kwa mwelekeo uleule. Kila jiwe likitazama kwake, huna mwamba hapo, hata kama liko kubwa kama nyumba. Acha nafasi tupu kwenye ramani. Hakuna msimamizi mwenye akili atakayekunyima alama kwa nafasi tupu. Mwinamo nao, yaani jinsi tabaka lilivyolala, hakikisha unapima tabaka na si ufa wa kawaida. Huko mwinamo wa digrii 70 au 80 si ajabu, usiupunguze ili upendeze.

Na huyu jamaa wa 8,000. Picha ya setilaiti ya Asembo itamwonyesha mahindi, mtama, udongo na mabati. Mwamba wenyewe ataukisia, kisha atajazia maneno kutoka ripoti ya mtu mwingine. Nimesoma ripoti ya namna hiyo iliyosema miamba ya Kinyanza ina nefelinaiti. Nefelinaiti ni aina ya lava ya volkeno ya Kisingiri, kule Rusinga na Mfangano, yenye umri usiofika miaka milioni 25! Aliyenunua hakujua hata alichonunua.

Nakasirika kwa sababu watu hawa hawaishii chuoni. Haohao ndio utawakuta vijijini wakitembea na vijiti viwili vya shaba kutafuta maji, au wakimwambia mama wa watu kwamba mshipa wa dhahabu umepita chini ya jiko lake. Mzee mmoja ninayemfahamu aliuza ng'ombe kuchimba kisima mahali alipoonyeshwa na "mtaalamu" mwenye ramani ya rangi iliyochapwa vizuri sana. Wakateremka mita baada ya mita kwenye graniti ngumu isiyo na ufa, na kisima kikabaki kikavu. Maji ya miamba hii ya kale hukaa kwenye sehemu iliyooza na iliyopasuka, na hilo hulijui kwa rangi wala kwa vijiti. Nchi hii ina Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia tangu 1993. Mtu akija kukuuzia kisima, mwombe namba yake ya usajili na ripoti ya uchunguzi wa maji yenye jina lake chini, kabla hajagusa chai uliyompikia.

Wewe una siku zako zilizobaki. Rudi kwenye rasi tatu ambako mpaka umepinda sana, vaa gambuti kwa sababu kichocho kipo, na kwenye kila rasi pasua mawe matano ambayo hayakutikisika ulipoyasukuma kwa mguu. Ukishindwa kuamua jina, andika ulichokiona: ukubwa wa chembe, madini, kama kisu kinakwaruza. Kisha niletee vipande, kila kimoja kikiwa na ganda upande mmoja na uso mbichi upande wa pili, tuviweke mezani.