Uliza Fundi: Gari ya maafa isopita uchochoroni

Masika yanabisha hodi, na barua za mwezi huu takriban zote ni za maji na umeme. Nimechukua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana imenigusa.

SUALI: Asalaam aleikum fundi. Sisi vijana wa shehia moja huku bondeni upande wa Mwanakwerekwe, kila masika maji yanaingia majumbani. Tumechangishana, tunataka gari ya kukokota ya maafa, tuweke jenereta, pampu, taa, kamba, machepe, sanduku la dawa, spika ya kutangazia, kila kitu pamoja. Mie ndo nachomelea. Nimechora urefu mita 2 na nusu, upana mita 1 na nusu, tairi nne za gari. Wazee wameipenda, weye waionaje?
*Mchomeleaji*

JAWABU: Waaleikum salaam kijana wangu. Kuchora umechora, ila nikuulize, hiyo mita 1 na nusu umeipima wapi? Kabla hujakata hata paipu moja chukua ubao wa upana huo, mwenzio ashike upande wa pili, mupite nao kutoka pale mutapoiweka gari mpaka nyumba ya mwisho inayoingia maji, mupite usiku tena, kwenye makaro yaliyo wazi na ngazi za watu zilizotokeza njiani. Pale ubao utapokwama ndo upana wako umekwisha. Mimi kwa mitaa yetu ya Ng'ambo naona sentimita 80 ndo mwisho, na Mji Mkongwe hata hizo kuna mahala hupiti.

La pili uzito. Pampu ndogo ya petroli ya inchi 2 ina kama kilo 25, jenereta ya fremu ya kilowati 2 au 3 inafika kilo 40 na kitu, weka mipira ya maji, petroli, waya, na hilo gari lenyewe la chuma, utajikuta unasukuma kilo mia tatu kwenye tope, na mtu anokuja kusukuma saa 8 za usiku si hamali wa Darajani, ni mwalimu wa skuli na mama mwenye duka. Kwa hivo usiweke kila kitu pamoja. Zimamoto wa Ujerumani, na lile shirika lao la uokozi THW lililoanzishwa 1950 ambalo watu wake karibu wote ni wa kujitolea, wana mtindo wa kupanga zana kwenye vitoroli vya magurudumu, kila kitoroli kazi moja, hichi cha taa hichi cha pampu, linalotakiwa ndo linapakiwa kwenye lori. Sisi lori hatuna lakini akili hiyo haina bei. Tengeneza vigari viwili vidogo, kimoja pampu na mipira yake, chengine jenereta na taa, na kila kitu ndani yake kiwe na mikono ya kushikia ili watu wawili waweze kukinyanyua wakipitishe juu ya ukuta. Machepe na sanduku la dawa hayahitaji gari, yanabebwa tu.

Sasa hapa pana ubishi ambao hata mie umenisumbua. Kigari kisipinduke, vizito vikae chini. Lakini hichi ni kigari cha mafuriko, ukiiweka injini chini maji yakafika kwenye kivuta hewa ndo basi tena, imekunywa maji, imekufa. Mie nilivofanya ni betri na madumu ya vifaa chini, injini kwenye kitako cha nusu mita kutoka ardhini, na magurudumu nikayatanua mpaka ukingoni mwa zile sentimita 80. Tairi mbili za vespa zinatosha, ekseli katikati ya mzigo, uzito ulale kidogo upande wa mkono, na uweke mguu wa kusimamia. Tairi za baiskeli usiweke, spoku hazihimili mzigo wa ubavuni, kona moja tu ya mtaro na ringi inakuwa nane.

Pampu. Watu wananunua kwa namba iliyo kwenye boksi. Inchi 2 inaandikwa lita 500 au 600 kwa dakika, hiyo ni pale haipandishi kitu, ukiipandisha inashuka. Piga hesabu yako mwenyewe: uwanja wa mita 10 kwa 10 wenye maji ya sentimita 30 ni lita 30,000, kwa lita 500 ni saa nzima, na kama unayamwaga kwenye mtaro unaorudi kule kule basi unazungusha maji tu mpaka asubuhi. Mwanzo tafuta pa kuyapeleka ndo ununue mpira. Mpira wa kuvutia uwe ule mgumu wenye waya ndani, ule laini unajinyonya unafunga. Na pampu ikae karibu na maji, kuvuta kwenda juu kwa nadharia ni mita 10 lakini kwa pampu hizi zetu ukipata 7 shukuru, kusukuma ndo inasukuma mbali. Chujio lake litaziba mifuko na majani ndani ya dakika tano, mie natia kichwa cha mpira ndani ya dema bovu, ule mtego wa samaki, uchafu unabaki nje ya dema na maji yanapita. Watu walinicheka, sasa wote wanaulizia madema mabovu kwa wavuvi.

Koplingi, yaani viungo vya kuunganishia mipira, usichague peke yako, nenda kituo cha zimamoto kilicho karibu na nyinyi uangalie zao ni za aina gani uchukue hizo hizo. Wajerumani wanatumia Storz, ile haina dume wala jike, ncha yoyote inaingia ncha yoyote, gizani hakuna kugeuza mpira. Ni nzuri sana, lakini kama zimamoto wenu hawanayo basi ni nzuri kwa Wajerumani.

Kutu wewe waijua kuliko mie, upepo wetu ni chumvi tupu. Paipu ya mabati ukiichomelea zinki inaungua pale pale kwenye kiungo ndo kutu inapoanzia, isugue kwanza, chomelea, halafu paka rangi ya zinki. Na fanya nje penye upepo, ule moshi mweupe unatia homa usiku, mtu anadhani malaria.

La mwisho kwako, ufunguo. Nishaitwa mahala nitengeneze pampu ya msaada, mpya kabisa, imekaa stoo miaka haijawashwa, petroli imeganda kwenye kabureta imekuwa kama asali. Mvua ilipokuja mwenye ufunguo yuko Dar. Kwa hivo, hivyo vigari vyenu vikodisheni, taa na jenereta ziende harusini, kwenye maulidi, viwanja vya sikukuu, pampu ikavute maji ya kisima cha mtu anojenga. Pesa inunue petroli, na nyinyi mujue kila wiki kuwa kitu kinawaka. Sharti moja tu, redio ikitangaza mvua kubwa hakuna kukodisha, vinarudi.

SUALI: Fundi shikamoo. Mie mama wa Wete, mume wangu na wanangu wawili wana mashua. Tangu ile meli ya Spice Islander izame mwaka 2011 nikiona chombo kimejaa roho inaniruka. Majaketi wanayo matatu, wanabeba watu wanane. Madumu ya mafuta ya kupikia yanafaa kuwa maboya?
*Mama Wete*

JAWABU: Marahaba bibie. Wale walookoka usiku ule wa Septemba kule mbele ya Nungwi kuna waloshikilia magodoro na mafriji, kwa hivo suali lako si la kijinga hata kidogo.

Dumu la lita 20 likifungwa vizuri linabeba karibu kilo 20 kabla halijazama. Mtu aliye ndani ya maji habebwi uzito wake wote, maji yenyewe yanambeba, ili kichwa kibaki juu anataka kama kilo 10 hivi za kuelea au chini yake. Dumu moja basi watu wawili, kwa kushikilia, SIO kulikalia, akipanda mmoja juu linabingirika na kila mtu anazama. Ziba kifuniko kwa mpira wa tairi ya baiskeli, zungushia kamba yenye vitanzi vya kushika, paka rangi ya chungwa. Na usilifunge kwenye mashua! Wengi wanafunga kwa fundo zuri lisiibiwe, chombo kinakwenda chini na dumu lake. Lilaze tu chini ya wavu mwepesi, lielee lenyewe.

Ila dumu halimgeuzi mtu alozimia uso juu, jaketi nzuri ndo linalofanya hivo, na mikono ikichoka ndo imechoka. Madumu manne leo, na majaketi matano yalobaki mununue moja moja kila bamvua likileta samaki. Mwambie baba watoto nimesema mie.

SUALI: Jenereta yangu naogopa wezi, naiwasha ukumbini nafungua dirisha. Kuna ubaya?
*Jang'ombe*

JAWABU: Upo, zima leo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, dirisha moja haliitoi, watu wanalala hawaamki. Iweke nje mbali na madirisha, ifunge mnyororo kwenye mnazi. Tulipokaa gizani bila umeme karibu mwezi mzima 2008, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilikuwa ni jenereta tu na wengi walizijua kwa njia mbaya. Na kama unaichomeka kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, bila ya cheinjiova, ile swichi inayotenga nyumba na laini ya nje, umeme wako unatoka nje kwenye nguzo na fundi wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, yuko juu yake.

Yule wa Mkoani wa tangi la maji la kuhamishika, picha yako haikufunguka, tuma tena na uandike tangi ni la lita ngapi.