Kukata ukingo wa theluji: msumeno au kamba?

Ndugu wa Kisumu, umeuliza uende Uswisi na msumeno au kamba ya kukatia ukingo wa theluji unaoning'inia juu ya mteremko. Chukua kamba nyembamba ya milimita 6 au 7, uipige mafundo mengi. Watu wawili huivuta huku na huku, kila mmoja akiwa amesimama mbali, penye mwamba chini yake. Msumeno mfupi utakulazimisha usogee karibu, nami hilo silikubali kabisa. Hapa Nakuru tumeyaona kwenye machimbo ya mchanga: kipande hukatika nyuma ya pale ulipodhania. Jifunge kamba ya usalama. Hakikisheni bondeni hakuna mtu, maana ukingo ukianguka huweza kuzua maporomoko ya theluji. Koleo nalo usiliache, la kumfukulia mwenzako akifunikwa na theluji.