Jibu: Kwa nini bao la Mbappé lilikubaliwa ilhali alikuwa ameotea?

Mkuu, umeuliza kuhusu bao la Mbappé wa Ufaransa dhidi ya Hispania kwenye fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Oktoba 2021. Uliona sawasawa: mwenzake Theo Hernández alipopiga ile pasi, Mbappé alikuwa ameshawapita mabeki, yaani ameotea (offside).

Sasa, mpira ukiwa njiani, beki wa Hispania, Eric García, alijinyoosha kuuzuia akaugusa. Hapo ndipo penye utata. Sheria ya 11 ya soka, ile ya kuotea, inasema beki akiucheza mpira kwa makusudi, kuotea kunafutika. Ukimbabatiza tu, au akiwa anaokoa mpira unaokwenda golini, kuotea kunabaki palepale. Mwamuzi Anthony Taylor aliona García ameucheza, na Ufaransa ikashinda 2-1.

Mimi naamini Hispania walionewa. Beki aliyejirusha vile ana udhibiti gani wa mpira? Julai 2022 watunga sheria, IFAB, wakatoa ufafanuzi: mwamuzi atazame kama mpira ulitoka mbali na beki akauona vizuri, ulikuwa na kasi gani, na kama alikuwa na nafasi ya kuutuliza, kutoa pasi au kuuondosha. Kwa vigezo hivyo, sidhani bao lile lingepita leo.