Siku tano bila bangi na bado anasikia sauti: ni bangi tu?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 22 na amevuta bangi karibu kila siku kwa miaka mitatu. Wiki iliyopita aliacha kulala, akawa anadai majirani wananasa mawazo yake kwa simu, na anajibizana na watu tusiowaona. Leo ni siku ya tano hajavuta, hali ni ileile. Mkojo umeonyesha bangi. Je, ni bangi tu? Na haloperidoli aliyopewa, miligramu 5 kila usiku, ameze mpaka lini?

JIBU: Siku tano ni chache mno kutoa jibu. Saikosisi ya kilevi, yaani kusikia au kuamini visivyokuwepo kwa sababu ya kilevi, huanza mtu akiwa amelewa au punde baada ya kuacha, kisha hufifia ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Ikivuka takriban mwezi mzima bila kilevi chochote, hapo tunaanza kufikiria magonjwa ya akili ya muda mrefu kama skizofrenia au baipola. Kwa hiyo andikeni tarehe mbili: siku aliyovuta mara ya mwisho, na siku mlipoona dalili ya kwanza. Kama sauti zilianza kabla hajaijua bangi, au zilimjia kipindi alichokuwa ameacha, bangi haiwezi kubeba lawama peke yake.

Mkojo hausaidii sana. Kemikali ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana hata wiki nne baadaye. Kipimo kinasema alivuta, basi.

Mwulizeni kwa upole kama kuna kingine. Meth na kokeini humfanya mtu ahisi wadudu wakitambaa chini ya ngozi, akajikuna mpaka vidonda. Pombe ndiyo ya kuogopa zaidi: mnywaji wa kila siku aliyeikata ghafla, akatetemeka, akatokwa jasho na kuona vitu kati ya siku ya pili na ya nne, msimfungie chumbani. Anaweza kufa. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huko hupewa dawa kama diazepamu pamoja na vitamini B1. Vivyo hivyo kwa yeyote asiyejua yuko wapi, au ni usiku au mchana: apimwe sukari, na itafutwe homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa.

Kuhusu dawa, siku za mwanzo mwangalieni shingo. Haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, inaweza kupinda shingo, kugeuza macho juu na kukaza ulimi. Watu hudhani ni mapepo. Ni misuli imekaza, na dawa kama benzeheksoli huilegeza; akishindwa kumeza au kupumua, ni dharura.

Msiikatishe haloperidoli wenyewe. Dalili zikiisha na akakaa wiki kadhaa bila kuvuta, daktari hupunguza dozi taratibu. Zikibaki, matibabu huchukua mwaka au zaidi.

Na hilo neno “tu” liondoeni. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata saikosisi ya bangi huja kugundulika na skizofrenia, hivyo hata akipona kabisa mwezi huu aendelee kuonekana kliniki. Akirudia habari za majirani, msibishane naye wala msimkubalie. Mwambieni mnaona anaogopa, kisha mzime redio na kupunguza watu chumbani.